Kufundisha darasa la nne historia ya mji wao: mfano wa Bagamoyo

Mwalimu akiandika 1888 ubaoni, mtoto wa miaka kumi anainakili kama anavyonakili namba ya simu. Kwake 1888, 1961 na mwaka aliozaliwa bibi yake vyote ni "zamani". Somo la Historia ya Tanzania na Maadili hukwama hapo mara nyingi, na dawa yake ni kumpa mtoto kipimo cha muda kabla ya kumpa tukio lolote.

Kipimo chenyewe ni kamba. Tafuta kamba ya mita 20, chukua rula ya mita ya ubaoni, kisha kila mita ihesabu kuwa miaka kumi. Usiweke alama kwa kupiga mafundo. Kila fundo hula sentimita tatu, nne, na ukifika la kumi na tano kamba imepungua karibu nusu mita. Hiyo ni miaka mitano iliyopotea. Funga vitambaa vya rangi. Itandazeni uwanjani, mtoto mmoja asimame mwanzoni, penye leo, halafu atembee kurudi nyuma.

Maisha yake yote yanaishia kwenye kitambaa cha kwanza. Bibi wa miaka 60 yuko mita ya 6, na Uhuru uko hapo jirani, mita 6 na nusu hivi. Vita vya Bushiri bin Salim na Wajerumani, vilivyoanza 1888, viko karibu na mita ya 14. Mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uingereza, ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874: mita 15 na kidogo. Sasa waulize msikiti wa kwenye magofu ya Kaole, wa karne ya 13, ukae wapi. Kamba imeisha. Inabidi wahesabu hatua kubwa hadi wapite mita 70, na kwenye shule nyingi hapo wameshafika nje ya uwanja. Waache watembee wenyewe, usiwatajie jibu.

Ziara ndiyo huharibika zaidi, kwa sababu ya tamaa. Ngome Kongwe, misheni, boma la Wajerumani, bandari na Kaole vyote kwa asubuhi moja: mtoto anarudi anakumbuka soda tu. Chagua mahali pamoja. Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, panatosha kabisa. Omba ruhusa ya wazazi na ya wasimamizi wa magofu mapema, anzeni saa 2 asubuhi, na saa 4 muwe mnaondoka, maana jua la pwani likishakolea hakuna anayesikiliza. Kila mtoto awe na karatasi mbili, penseli, na kipande cha boksi gumu cha kuandikia. Makundi ya watoto sita sita, kila kundi na kaburi lake la kale pale magofuni. Sheria ni moja, na isemwe kabla ya kushuka kwenye gari: hakuna kupanda wala kuegemea. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nazo humeguka.

Kazi iwe ya mikono na macho. Wapime upana wa kaburi kwa shubiri, wachore nguzo yake, wahesabu vishimo vya mviringo wanavyoviona. Vishimo hivyo vilibandikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Swali la siku ni hili tu: bakuli la Uchina lilifikaje Kaole? Watoto wa wavuvi watakutajia kaskazi na kusi, pepo za msimu zinazosukuma majahazi, kabla hujafungua mdomo, na somo la biashara ya Bahari ya Hindi litakuwa limeanza kwa maneno yao wenyewe.

Habari za misafara zinahitaji uangalifu. Watoto wengi hufika darasani wakiamini kila aliyeingia Bagamoyo na mzigo alikuwa mtumwa mwenye minyororo. Utumwa ulikuwepo, usifichwe, ila uelezwe kwa maneno wanayoyaweza. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa kuajiriwa waliobeba pembe za ndovu kwa ujira. Mzigo wa mmoja ulikaribia kilo 30. Lete ndoo ya lita 20 iliyojazwa nusu, wainue kwa zamu, kisha waambie mpagazi alibeba mara tatu ya hapo kwa miezi. Na ukimtaja Livingstone, wataje Chuma na Susi pia, walioongoza safari ya kuuleta mwili wake kutoka kijiji cha chifu Chitambo, katika Zambia ya leo, kwa takriban miezi tisa.

Mzee wa mtaa asiitwe kuja kuhutubia darasa la watoto 70. Wapeleke sita nyumbani kwake, wabishe hodi, wamwamkie shikamoo, wakae chini. "Babu, tuambie historia" ni swali linalomkwamisha mtu yeyote. Bora: "Ulipokuwa darasa la kwanza, maji mlichota wapi?" Au: "Hapa penye duka palikuwa na nini?" Mwaka usidaiwe. Waulize kama ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya Vita vya Kagera, nao watapata mahali pa kufunga kitambaa kwenye kamba.

Wazee wawili watapingana. Hata jina la mji lina maelezo zaidi ya moja: wengine husema mpagazi alibwaga moyo kwa kupumzika baada ya safari, wengine kwamba mtumwa aliuacha moyo wake bara. Mwalimu asikimbilie kuchagua. Ukurasa wa daftari ugawanywe kwa mstari, kila maelezo yaandikwe upande wake pamoja na jina la aliyeyasema, na chini yake mtoto aandike yeye anaona lipi na kwa nini.