Anayejificha na anayerukia

SWALI: Shikamoo mzee. Nina mbwa wawili wa tumbo moja, dume na jike, wana miezi tisa. Nataka wawe mbwa wa kuwinda nguruwe pori. Mwezi uliopita niliwatoa pamoja na mbwa wanne wa jirani, wakakuta dume kubwa la nguruwe limejibanza chini ya kichaka. Yule wangu wa kiume alirushwa juu, akachanika begani. Kidonda kimeshapona, lakini sasa akisikia tu wenzake wanabweka anakuja kujificha nyuma ya miguu yangu. Watu wananicheka, wanasema huyo mwoga nimtoe nibaki na dada yake, ambaye hana woga hata chembe, anataka kurukia na kuuma. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimtoe. Na kama kuna anayeninyima usingizi katika hao wawili, ni huyo dada.

Mbwa wa kubweka hatakiwi kuuma. Anatakiwa kumnusa nguruwe, kumfuata mpaka asimame, kisha kukaa mbele ya uso wake akibweka bila kukoma mpaka wewe ufike. Nguruwe akija mbele, mbwa anarudi nyuma. Akigeuka kukimbia, mbwa yuko ubavuni. Umbali wa hatua mbili tatu ndio uhai wake. Wa kukamata ni mbwa mwingine kabisa, mzito, aliyevalishwa kizibao na ukosi mpana, na anafunguliwa mwishoni kabisa.

Mtazame dume la nguruwe siku likiwa limelala mbele yako, limeshakufa. Fungua mdomo wake. Chonge za chini zinasuguana na za juu kila anapotafuna, kwa hiyo anajinolea kisu mchana kutwa. Hapigi kwa kusukuma mbele, anapiga kwa kuinua kichwa kutoka chini kwenda juu, na mapigo hayo huangukia kifua, shingo na tumbo la mbwa. Mabegani ana ngao ya ngozi nene na ngumu, meno ya mbwa wa miezi tisa hayamfanyi kitu. Jike la nguruwe nalo usilidharau, lenyewe linauma na kung'ang'ania. Sasa huyo dada hajui lolote kati ya haya. Kaka yake ameshajua, ila amelijua siku moja, lote kwa mkupuo.

Kosa hilo nimelifanya kabla yako. Nilikuwa na mbwa nikamwita Haraka, na jina nikajiponza nalo. Akiwa na miezi saba alikuwa anafuata harufu kuliko mama yake. Siku nilipokuwa na wageni, nikataka kujionyesha, nikamfungulia kwenye dume ambalo mbwa wakubwa wawili walikuwa wanalikwepa. Tulimshona, akapona. Lakini tangu siku hiyo hata nguruwe wa kufugwa akikoroma, Haraka alikuwa chini ya kitanda, na ukimvuta anakojoa. Aliishi miaka kumi na moja akiwa mlinzi wa mlango.

Wako hajafika huko, kwa sababu bado anakwenda na wewe porini. Mpumzishe wiki tatu, asisikie kubweka. Halafu chukua gunia, lilaze siku mbili kwenye banda la nguruwe mzima wa kufugwa, ulifunge kamba na kuliburuta alfajiri nyasi zikiwa na umande, maana harufu inakaa vizuri kwenye unyevu. Anza na mita hamsini, moja kwa moja. Mwisho wa njia weka bakuli lake la chakula. Akizoea, weka kona, vuka kijito, acha nusu saa ipite kabla ya kumleta. Utamwona mkia unabadilika: kwanza unaning'inia, siku moja unaanza kuzunguka kama feni. Hapo pua imeishinda hofu.

Baada ya hapo mpeleke karibu na nguruwe mdogo aliye nyuma ya uzio imara, akiwa na mbwa mzee mmoja mtulivu. (Uliza kwanza sheria ya unapoishi. Kuna nchi zinakataza kuwinda kwa mbwa, na nyingine zinataka kibali hata kwa mafunzo.) Akibweka mara tano, mwondoe. Usingoje achoke wala aogope. Aondoke akiwa bado anataka. Akijificha nyuma yako, usimkemee wala kumsukuma. Simama tu, kisha ondokeni. Kundi la mbwa wa jirani mbwa wako asilione mpaka atimize mwaka na nusu. Mifupa yenyewe bado inakua.

Dada yake mfundishe kitu kimoja tu kwa sasa: mluzi. Mfunge kamba ya mita kumi, apige mbio, piga mluzi, arudi, apewe kipande cha chakula. Mpaka arudi huku akiwa amemwona mbuzi anakimbia, porini haendi. Jike jasiri asiyesikia mluzi utamzika mapema.

SWALI: Mzee, ni kweli mbwa akionjeshwa nyama mbichi ya nguruwe pori anakuwa mkali zaidi kazini?

JIBU: Si kweli, na inaua. Nguruwe hubeba virusi vya ugonjwa wa Aujeszky bila kuonyesha dalili. Mbwa akivipata anawashwa usoni mpaka anajichuna ngozi, na kwa kawaida hamalizi siku tatu. Tiba hakuna. Matumbo yafukie, nyama ya kumpa mbwa ipikwe mpaka ndani.

SWALI: Mbwa wangu alitobolewa ubavuni, tundu dogo kama punje ya maharage. Jioni alikula vizuri. Kesho yake asubuhi amevimba na ana homa. Nimekosea wapi?

JIBU: Ulipima jeraha kwa udogo wa tundu lake. Chonge inaingia kwenye tundu dogo, ndani inapasua ngozi na nyama zikaachana, na inasukumia humo matope na manyoya. Siku nyingine nyoa nywele kuzunguka tundu, lisafishe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo yakapoa, usilishone mwenyewe, na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo hata kama anatikisa mkia. Ukisikia hewa inapita kwenye tundu la kifuani, lifunike na nailoni safi, ushikilie kwa mkono, uondoke mara moja. Huyo wa sasa mpeleke leo, usingoje jibu langu la toleo lijalo.