Jarida limekubali makala chapchap na linadai hela: usilipe kwanza

Pole sana mkuu. Kwa ulivyoeleza, makala imekubaliwa ndani ya siku nne bila swali hata moja la wahakiki, alafu invoisi inakwambia ulipe kabla ya Ijumaa, mi nakushauri usitume hata senti na usisaini ile fomu yao ya hakimiliki. Ada yenyewe sio kosa, majarida mengi safi ya kusoma bure yanatoza, ila yanaweka kiasi wazi kabla hujatuma kazi yako.

Nimesaidia wanafunzi kadhaa wa masta na PhD kwenye haya mambo na siku hizi siamini chochote kilichoandikwa kwenye websaiti ya jarida lenyewe. Wanasema wako Scopus, ile kanzidata kubwa ya majarida ya kitaaluma? Ingia Scopus yenyewe, tafuta kwa ISSN (namba ya utambulisho ya jarida), uone wapo au walishatolewa. ISSN na DOI (namba ya utambulisho ya makala mtandaoni) hazithibitishi ubora, usidanganyike na hizo namba. Na kuna wale wanaoiba jina na ISSN ya jarida halali wanafungua websaiti feki, kwa hiyo linganisha na anwani halisi ya mchapishaji.

Kinachonisaidia kuliko vyote ni kuwaandikia wawili watatu waliotajwa kwenye bodi ya wahariri, kwa imeili za vyuo vyao. Kuna profesa nilimwandikia akashtuka, hilo jarida hajawahi hata kulisikia! Na bodi zingine zinapokea yeyote tu, watafiti wa Poland walitunga msomi asiyekuwepo, Anna O. Szust, wakamwombea uhariri kwenye majarida 360 na 48 yakampa, matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2017. Manane kati ya hayo 48 yalikuwa kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusoma bure, ndo maana nasema usitegemee orodha moja.

Sasa wewe fanya hivi, waandikie leo kwamba unaiondoa makala, hujasaini kitu na hujakubali malipo, tunza kila imeili na piga skrinishoti za websaiti yao, alafu mwambie supavaiza wako mapema kabla hajasikia kwingine. Wakidai ada ya kuondoa makala usilipe, wanakutisha tu, na ukilipa mara moja watarudi tena. Wakiichapisha kwa nguvu, bado unaweza kuituma kwingine lakini mweleze mhariri mpya kila kitu siku ileile unayotuma, umwambatishie na imeili zako za kuiondoa, asije akaikuta mwenyewe mtandaoni akadhani unachapisha kazi moja mara mbili.