Stenti imewekwa. Damu je, inapita?

Maswali ya wiki hii yanatoka kwa wagonjwa waliozibuliwa mishipa ya moyo na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi, na kwa ndugu zao wanaoshika ripoti wasijue pa kuanzia.

Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, amewekewa stenti. Ripoti inasema "FFR baada ya stenti 0.86". Shangazi anasema moyo umebaki asilimia 86. Ni kweli? (Binti, Tabata)

Marahaba binti yangu. Mtulize shangazi, namba hiyo haipimi nguvu za moyo. FFR hupimwa kwa waya mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa. Inalinganisha presha ya damu ikishavuka sehemu iliyozibuliwa na presha kwenye mshipa mkuu utokao moyoni. 0.86 maana yake asilimia 86 ya presha inavuka. Mshipa mzima kabisa hukaribia 1.

Je, inatabiri lolote? Ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2002 Nico Pijls na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 750 waliopimwa hivyo na kufuatiliwa miezi 6. Waliovuka 0.95, asilimia 4.9 walipata kifo, shambulio la moyo au kurudiwa kuzibuliwa mshipa uleule. Waliokuwa chini ya 0.90, asilimia 20.3. Tofauti ni kubwa, ila stenti za wakati ule hazikupakwa dawa kama za leo, kwa hiyo usimpachike baba asilimia hizo.

Uliza mambo mawili. Kwanza, ni mshipa upi? Ule mkubwa wa mbele huwa na namba za chini kuliko mingine hata kazi ikifanyika vizuri. Pili, presha inapotea wapi? Daktari akiuvuta waya taratibu kurudi nyuma, huona kama inashuka ghafla sehemu moja, pengine stenti haikutanuka vya kutosha au kuna mbano mwingine, au inashuka kidogo kidogo mshipa mzima. Ya kwanza mara nyingi hurekebishika. Ya pili inategemea zaidi dawa, kuacha sigara, na kudhibiti presha na sukari.

Picha ilionyesha mshipa umefunguka. Kupima tena si kuongeza gharama tu? (Kimara)

Gharama ni kweli, na najua familia zinavyochangishana. Lakini picha inaonyesha umbo la njia, haionyeshi kinachopita. Utafiti wa FAME wa mwaka 2009, wagonjwa 1,005, ulipima kundi moja kwa waya huo kabla ya kuweka stenti, na mbano uliosoma zaidi ya 0.80 uliachwa. Kundi hilo liliwekewa stenti chache zaidi, na ndani ya mwaka waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 13.2, dhidi ya 18.3 kwa walioongozwa na picha peke yake. Stenti usiyoihitaji nayo ni gharama.

Kupimwa kunauma? (Kigamboni)

Waya una unene wa theluthi moja hivi ya milimita, hutausikia. Utakachosikia ni dawa ya adenosini, inayotanua vijishipa wakati wa kipimo: kifua kinabana, uso unapata joto, pumzi inakuwa fupi. Kwenye skrini mistari miwili ya presha iliyokuwa pamoja inaachana, na namba inasomwa hapo. Dawa ikikatwa, hali hiyo hupita upesi.

Mume wangu alizibuliwa akiwa na shambulio la moyo. Mshipa uko wazi, lakini wanasema "vimishipa vidogo" vimeumia. (Mama wawili, Mbagala)

Pole sana mama. Damu ikishavuka stenti lazima iingie kwenye vijishipa visivyoonekana kwenye picha, na shambulio huviumiza. Kuna kipimo chake, IMR, kinachoonyesha vijishipa hivyo vinaizuia damu kiasi gani. Kikizidi 40 baada ya kuzibuliwa, hatari ya kufariki au moyo kushindwa kazi huongezeka. Asikose kliniki hata moja. Akianza kuvimba miguu au kukosa pumzi akilala chali, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Namba yangu ni 0.96. Naweza kuacha vidonge? (Fundi, Temeke)

Hapana, kaka. Namba nzuri haizuii damu kuganda ndani ya stenti. Aspirini na klopidogreli kwa kawaida hutumika pamoja kama miezi 6, au 12 ikiwa ulipata shambulio, kisha moja huendelea. Daktari wako ndiye atakayekupangia muda. Hata ukienda kung'oa jino, mwambie daktari wa meno una stenti kabla hajakuambia usitishe kidonge.