Bilioni 60 au bilioni 20?

SWALI: Habari za kazi, mama. Nina hisa 2,000 za benki moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Oktoba walitoa hesabu za robo ya tatu gazetini. Mimi nimesoma faida bilioni 60, kijana wangu kasoma bilioni 20, ukurasa uleule! Nani amekosea? Na je, niuze?
Mwalimu mstaafu, Tukuyu

JIBU: Salama, Mwalimu. Hakuna aliyekosea. Sehemu ya mapato na matumizi ina safu nne. Ya kwanza ni Julai hadi Septemba, ya pili ni miezi hiyohiyo mwaka jana, ya tatu ni Januari hadi Septemba, ya nne ni miezi hiyo tisa ya mwaka jana. Kijana kasoma ya kwanza, wewe ya tatu. Mizania, yaani sehemu ya mali na madeni ya benki, ina safu mbili tu, nayo hulinganishwa na Juni, si na mwaka jana. Nimekuwa mhasibu miaka 27 na mpaka leo naweka rula juu ya karatasi nisiruke safu. Kinachoniuma ni kwamba jedwali hilo mara nyingi ni Kiingereza kitupu, na wenye mali ni watu kama wewe.

Sasa teremka kwenye mikopo chechefu, ile iliyopitisha siku 90 bila kulipwa. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Halafu tazama tengo, yaani fedha zinazokatwa kwenye faida na kutengwa kufidia mikopo hiyo. Mikopo chechefu ikipanda huku tengo likishuka, mimi siiamini faida hiyo. Niliwahi kununua hisa kwa kutazama mstari wa faida peke yake. Robo mbili baadaye tengo likapanda ghafla, faida ikayeyuka, na gawio nililolihesabia karo ya binti yangu halikuja.

Tena hizi za robo hazijakaguliwa. Zilizokaguliwa ni za mwaka mzima.

Usiuze wiki hii. Mwambie kijana atafute kwenye tovuti ya benki ukurasa wa Juni mwaka huu na wa Septemba mwaka jana, muuweke pamoja na huo mlionao, muupange mstari wa mikopo chechefu na wa tengo kwa robo zote tatu, kisha niandikie mlichokiona.