Dereva wa masafa, tafuta mchezo wa foleni

Anayepeleka semi kutoka Dar mpaka Lubumbashi huulizwa habari za mlima Kitonga, mizani na askari wa barabarani. Ni nadra kuulizwa anafanya nini gari likisimama, na gari husimama sana. Foleni ya Tunduma, mpaka wa kuingia Zambia, inaweza kukushika siku kadhaa, Kasumbalesa pa kuingia Kongo vilevile, na ukifika mgodini unangoja kushusha salfa, kisha unangoja tena kupakia shaba. Kwenye kungoja huko ndiko nimeona wenzangu wengi wakiharibikiwa. Wapo wanaobeti kwa simu hadi posho ya njiani inakwisha. Wapo wanaolala mchana kutwa, usiku macho makavu, na alfajiri geti linafunguliwa wakiwa wamechoka kuliko walivyofika.

Kwa hiyo tafuta jambo la kufanya wakati gari limesimama. Ukiwa kwenye usukani sikiliza redio, taarabu au mawaidha, inatosha; simu ikae mbali. Na jambo lenyewe liwe la kuachika katikati, maana foleni ikisogea huna nafasi ya kusema "ngoja nimalize".

Mimi nimechagua bao. Ubao wenyewe una vishimo 32 na kete 64, unakaa nyuma ya kiti bila kusumbua mtu. Hata usipokuwa nao, chimbeni vishimo kwenye udongo chini ya tela, mchezo ni uleule. Kila mtu anaanza na kete 6 kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, mbili mbili kwenye vishimo viwili vya jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja kila zamu. Hapo kwenye kunamua ndipo akili inapofanya kazi: uisambaze nyumba sasa au uichunge mpaka mtaji, hatua ya pili kete za mkononi zikiisha? Ukilitafakari hilo saa nzima, mawazo ya nyumbani yanapungua makali. Madereva wa Zambia wana nsolo yao, kanuni ni tofauti kidogo, lakini mkikaa pamoja mnaelewana haraka. Asiyelipenda bao acheze drafti kwa vizibo vya soda, hiyo haina gharama kabisa.

Kucheza tu hakutoshi, kwa sababu bao ni la kukaa. Miguu inavimba, mgongo unakamaa. Mimi kila baada ya mchezo nazunguka gari, naangalia matairi na kamba za turubai, kisha naruka kamba kidogo. Usiende mbali na gari, hasa usiku. Wanaofyonza dizeli wanangojea hilo tu.

Na jifunze Kibemba cha salamu. Ndani ya Zambia, kuanzia Nakonde mpaka Chililabombwe, ukimwambia mama anayeuza chakula "mwashibukeni" asubuhi na "natotela" ukishakula, utaona uso wake unavyofunguka. Mpe utingo daftari aandike maneno mapya, naye asiwe wa kuosha vioo tu.

Ukiwa mgeni ukakuta watu wamelizunguka bao, salimia, chuchumaa, tazama bila kumwelekeza mchezaji. Utapewa zamu. Hapohapo utasikia mizani ipi imejaa, wakala yupi anachelewesha karatasi, na wapi pa kulaza gari kwa usalama kabla ya Kapiri Mposhi.