Daktari wa tiba na nafasi ya uhadhiri wa anthropolojia ya tiba

Ndugu, umeuliza kama daktari mwenye shahada ya uzamili ya afya ya jamii anaweza kuajiriwa Marekani kufundisha anthropolojia ya tiba, yaani fani inayochunguza jinsi jamii zinavyoelewa na kushughulikia maradhi. Kwa idara ya anthropolojia, matumaini ni madogo, kwa kuwa matangazo ya uprofesa msaidizi kwa kawaida hudai shahada ya uzamivu katika anthropolojia au fani iliyo karibu nayo, ambayo mwombaji awe ameikamilisha kabla ya kuanza kazi. Ni kweli kwamba Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili, alipata uprofesa Harvard akiwa na uzamili tu wa anthropolojia, lakini hiyo ilikuwa enzi nyingine, fani yenyewe ikiwa bado changa. Paul Farmer, daktari na mwanaanthropolojia aliyekuwa mwanafunzi wake, alisomea udaktari na uzamivu kwa pamoja, akavihitimu vyote mwaka 1990.

Kinachopimwa hasa na kamati ya uajiri ni utafiti wa uwandani: je, umeishi na watu unaowaandikia, unaijua lugha yao, na maandishi yako yanachangia hoja gani? Hojaji za hospitalini, hata zikiwa nyingi, hazizibi pengo hilo. (Hapo ndipo madaktari wengi hukwama.)

Shule za tiba na za afya ya jamii zina mlango mpana zaidi, nami ningekushauri uanzie huko. Matangazo mengi hutoka kati ya Agosti na Novemba kwa kazi inayoanza mwaka unaofuata, kwa hiyo waarifu mapema wadhamini wako, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo.