Nina elfu kumi tu kwa mwezi, nisaidieje watu?

Dada, nimekuelewa: mshahara unaishia kwenye kodi na nauli, ila elfu kumi inabaki na unaona aibu kuitoa kwa udogo wake. Inatosha kabisa.

Mimi huanzia dukani kwa Mangi. Namuuliza pembeni ni nani deni limemlemea, kisha nalipia unga na mafuta ya mama fulani bila jina langu kutajwa. Mara ya kwanza Mangi alipiga mstari kwa kalamu nyekundu, akanigeuzia daftari nione. Yule mama hajui mpaka leo, na ndivyo ninavyotaka. Sitaki mtu mzima aninyenyekee kwa kilo mbili za sembe.

Mwezi ukiwa mkavu, changia damu. Wanaume kila baada ya miezi 3, wanawake 4, uzito usipungue kilo 50. Kama una mimba, unanyonyesha au uko kwenye dawa, waambie wahudumu kwanza.

Zile picha za wagonjwa zenye namba ya simu, usitume pesa haraka. Nenda hospitali yenyewe, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, lipa dirishani na uchukue risiti.